Je, wajua kwamba milioni 700 za Ohtani si milioni 700?

Desemba 2023, Shohei Ohtani, Mjapani anayerusha mpira na kuupiga kwa ubora ambao besiboli ya Marekani ilikuwa haijauona tangu enzi za Babe Ruth, nguli wa zamani, alisaini na klabu ya Los Angeles Dodgers mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 700. Watu wakagawanya haraka: milioni 70 kwa mwaka. Kumbe kuanzia 2024 hadi 2033 anapokea milioni 2 tu kila mwaka. Milioni 680 zilizobaki atalipwa 2034 hadi 2043, milioni 68 kila mwaka, bila riba.

Taarifa hiyo ilipotoka, lawama zikaanza: kwamba Dodgers wamebuni ujanja wa kukwepa kodi ya anasa. Kodi hiyo inatozwa na ligi kwa klabu ambayo mishahara yake inavuka mstari uliowekwa. Mwaka 2024 mstari ulikuwa dola milioni 237. Bado kuna wanaoamini kwamba Ohtani anahesabiwa kama mchezaji wa milioni 2. Sivyo kabisa. Anahesabiwa kama mchezaji wa takriban milioni 46 kila mwaka.

Namba hiyo imetoka wapi? Chukua upatu wa watu 12, kila mmoja akitoa shilingi laki moja kwa mwezi. Wa kwanza anapokea milioni 1.2 mwezi Januari, wa mwisho anapokea kiasi kilekile Desemba. Lakini wa Januari ameshanunua cherehani, ameshona sare za shule na kuziuza, na cherehani bado anayo. Wa Desemba anakuta cherehani zimepanda bei. Ndiyo maana namba za mwanzo hugombaniwa. Ohtani aliomba namba ya mwisho, tena kwa miaka 10, na ligi ikakokotoa hasara ya kungoja huko kwa kiwango cha asilimia 4.43 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, milioni 68 za 2034 ni sawa na takriban milioni 44 za 2024. Ongeza zile 2 anazopokea mkononi, unapata 46. Zidisha kwa 10, mkataba mzima unafika karibu milioni 460.

Kwa hiyo hakuna kodi ya anasa iliyokwepwa. Angeomba milioni 46 taslimu kila mwaka, Dodgers wangehesabiwa vilevile. Wala hawawezi kujisahaulisha deni: makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji yanawataka watenge thamani yake mapema. Wanachopata ni nafasi ya kupumua kabla ya fedha kutoka, na fedha iliyotengwa huendelea kuzaa. Desemba hiyohiyo ya 2023 walimsaini pia mrushaji Mjapani, Yoshinobu Yamamoto, kwa milioni 325.

Na yeye Ohtani anafaidika nini? Wapo wanaotaja kodi ya mapato. California hutoza hadi asilimia 13.3, na sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 huzuia jimbo kumtoza aliyehama kwa malipo ya aina hii yakigawanywa kwa miaka 10 au zaidi. Januari 2024 mdhibiti wa fedha wa jimbo hilo aliliomba Bunge la Marekani liweke kikomo kwa malipo yanayoahirishwa namna hiyo. Lakini nafuu hiyo atakuwa nayo tu ikiwa atakuwa amehama kabla ya malipo kuanza.

Kwangu mimi historia yake ina uzito zaidi. Mwaka 2017 aliondoka Japani akiwa na miaka 23. Angesubiri hadi 25, kanuni zingemruhusu kujadili mkataba mnono bila kikomo. Yeye akaenda klabu ya Los Angeles Angels kwa dola milioni 2.315 za kusaini na mshahara wa chini wa ligi. Huyu si mtu anayekimbilia fedha ya leo, na matangazo ya biashara yanamlipa vya kutosha. Alichokikosa ni ushindi: katika misimu 6 na Angels hakufika hatua ya mtoano hata mara moja. Akiwa Dodgers ametwaa ubingwa 2024 na 2025.

Mkatabani kuna kifungu ambacho hakizungumzwi sana. Mark Walter, anayeongoza umiliki wa klabu, au Andrew Friedman, mkuu wa shughuli za besiboli, akiondoka, Ohtani ana haki ya kuvunja mkataba. Aliwakopesha hao wawili wajenge timu, na dhamana aliyodai ni wao kubaki.