Je, wajua? Jina la Ben Kingsley lilitoka kwenye karafuu za Zanzibar

Karafuu haisubiri. Huchumwa ikiwa bado tumba, kabla ua halijafunguka. Ikishachanua, thamani yake imekwisha. Ikishushwa mtini, jioni watu huketi wakaichambua, karafuu upande huu, makonyo upande ule. Kesho yake huanikwa kwenye majamvi mpaka jua liigeuze kutoka kijani chenye wekundu hadi kahawia iliyokolea. Aliyewahi kukaa Pemba au Unguja wakati wa mavuno anajua kwamba harufu ile huingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye mto wa kulalia.

Nimeanzia kwenye majamvi ya karafuu kwa sababu swali la leo linaturudisha huko. Kwa nini mtoto aliyezaliwa Uingereza tarehe 31 Desemba 1943, akapewa jina la Krishna Pandit Bhanji, leo anajulikana dunia nzima kama mwigizaji Ben Kingsley? Wengi wanajua nusu ya jibu, kwamba alibadili jina ili apate kazi. Nusu ya pili ndiyo tamu zaidi, na huku kwetu haisimuliwi sana ilhali inatuhusu.

Babu yake mzaa baba alikuwa Mgujarati, Khoja, yaani Mwislamu wa Kihindi wa madhehebu ya Ismailia, aliyetoka Bara Hindi akahamia Zanzibar kufanya biashara ya viungo. Kwa zama zile safari hiyo haikuwa ya ajabu. Wakhoja kutoka Kutch na Kathiawar, huko Gujarati, walikuwa wakivuka bahari kwa majahazi, wakisukumwa na kaskazi, tangu karne ya 19. Ukipita ufukweni Mji Mkongwe utaliona lile jengo lenye roshani za mbao zilizochongwa, ambalo watu hulijua kama zahanati ya zamani. Aliyelianzisha mwaka 1887 ni Tharia Topan, Khoja mwenzao aliyefika kisiwani akiwa kijana mdogo na kuishia kuwa tajiri mkubwa wa mji. Na majina kama Harji, Premji, Nanji na Bhanji si mageni kwa yeyote aliyekulia kwenye miji yetu ya pwani; yamekuwa juu ya milango ya maduka miaka nenda miaka rudi.

Zanzibar ya wakati huo iliishi kwa karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikabeba mzigo, lakini biashara yenyewe iliendelea kupitia mjini, kwenye maghala na mizani ya wafanyabiashara. Mmoja wao alishamiri kiasi cha kubandikwa lakabu: Mfalme wa Karafuu. Kwa Kiingereza, King Clove. Huyo ndiye babu wa Krishna.

Kwetu pwani lakabu si jambo la mchezo. Mtu hupewa na watu, si na wazazi, na mara nyingi hupewa kwa kazi yake. Wapo wazee waliozikwa huku nusu ya waombolezaji wakisikia jina lao la kuzaliwa kwa mara ya kwanza siku hiyo hiyo. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili ataelewa upesi kilichotokea baadaye, pengine kuliko Mwingereza mwenyewe.

Mtoto wa Mfalme wa Karafuu, Rahimtulla Harji Bhanji, alizaliwa Kenya, akaishi Zanzibar, na alipofika miaka 14 akapelekwa Uingereza. Alisoma Dulwich College, London, na huko wenzake wakampachika jina la utani: Ben. Akawa daktari, akamwoa Mwingereza, Anna Lyna Mary Goodman, aliyekuwa mwigizaji na mwanamitindo. Krishna alizaliwa Snainton, kijiji cha Yorkshire, kisha familia ikahamia Pendlebury karibu na Manchester. Hapo ndipo alipokulia, mtoto wa daktari wa mtaa, kwenye mji wa viwanda vya pamba na makaa ya mawe, mbali kabisa na bahari ya babu yake.

Uigizaji ulimwingia akiwa kijana. Kilichomtikisa, kwa maelezo yake mwenyewe, ni kumwona mwigizaji Ian Holm jukwaani Stratford, mji wa Shakespeare, akiwa mfalme Richard III. Alitoka pale akijua anachotaka maishani. Alianza na vikundi vya maigizo vya ridhaa huko Manchester, kisha akaingia kwenye kazi ya kulipwa. Hapo ndipo alipokutana na ukuta.

Kisa chenyewe amekisimulia mara kadhaa. Alikwenda kwenye usaili kwa jina la Krishna Bhanji. Waliomsaili walimsifu sana, kisha wakasema hawajui wamweke wapi katika maonyesho ya msimu unaokuja. Akabadili jina, akarudi sokoni, na safari hii swali aliloulizwa lilikuwa ni lini anaweza kuanza kazi. Uso ni ule ule, sauti ni ile ile, kipaji kile kile. Kilichobadilika ni herufi zilizoandikwa juu ya karatasi.

Ili uelewe uzito wa jambo hili, kumbuka Uingereza ya miaka ya 1960 ilikuwaje. Wahusika wa Kiarabu, Kihindi na Kiafrika walikuwapo jukwaani na kwenye sinema, ila mara nyingi waliowacheza walikuwa Wazungu waliojipaka rangi. Laurence Olivier alijipaka weusi akawa Othello mwaka 1964. Alec Guinness alikuwa Mwanamfalme Faisal katika Lawrence of Arabia mwaka 1962. Basi hata nafasi chache ambazo Krishna Bhanji angesemwa kuwa zinamfaa zilikuwa na wenyewe. Mlango wa mbele ulifungwa, na wa nyuma vilevile. Naliona jambo hili kuwa la dhuluma, na sioni haja ya kulilainisha.

Lakini tazama alivyochagua. Angeweza kuokota jina lolote la Kiingereza, mbona yapo tele. Alichukua Ben, lakabu ya baba yake, akachukua na ile ya babu yake, Mfalme wa Karafuu, akaikunja mpaka ikawa Kingsley. Mzee Rahimtulla alimuunga mkono moja kwa moja. Masikioni mwa Waingereza lile ni jina la mwenzao, tena la heshima. Ndani yake mna daktari wa Kikhoja na ghala la viungo la Unguja. Wanaosema kwamba aliukana ukoo wake hawajalichungulia jina lenyewe.

Mwaka 1967 alijiunga na Royal Shakespeare Company, kampuni ya maigizo ya Stratford, na kwa zaidi ya miaka kumi hapo ndipo palipokuwa nyumbani kwake. Mwaka 1970 Peter Brook aliongoza A Midsummer Night's Dream iliyobadilisha namna watu walivyomtazama Shakespeare. Hapakuwa na miti wala mapambo ya msituni. Jukwaa lilikuwa kama sanduku jeupe, na waigizaji walining'inia kwenye bembea za sarakasi. Kingsley alikuwa Demetrius. Mwaka 1975 akapewa Hamlet, na ningependa nikae kidogo hapa. Mchezo ule haukuwekwa kwenye ukumbi mkubwa wa Stratford. Uliwekwa The Other Place, banda la mabati ambalo mtazamaji wa mbele anaweza kusikia mwigizaji akivuta pumzi. Mwongozaji alikuwa Buzz Goodbody, mwanamke wa kwanza kuongoza michezo katika kampuni ile. Alifariki Aprili mwaka huo akiwa na miaka 28 tu, mchezo ukiwa bado kwenye siku zake za mwanzo. Kingsley na wenzake waliendelea nao, wakamchezea Hamlet, mtoto aliyefiwa, wakiwa wafiwa wenyewe. Ile sauti ya chini ambayo baadaye ilitufanya tuvute viti mbele ya televisheni, mimi naamini ilinolewa ndani ya banda lile.

Sasa tuje kwa Gandhi, filamu ya maisha ya mpigania uhuru wa India. Mwongozaji Richard Attenborough alikuwa ameihangaikia filamu hiyo kwa karibu miaka 20, akitafuta fedha na akimtafuta mtu wa kuubeba mzigo. Waigizaji wakubwa Wazungu walifikiriwa, Alec Guinness na Anthony Hopkins wakiwamo. Mtoto wake, Michael Attenborough, naye akiwa mtu wa michezo ya jukwaani, ndiye aliyemwambia baba yake akamtazame Ben Kingsley. Mwaka 1980 upigaji picha ulianza India.

Kingsley alikuwa na miaka 36. Ilimpasa kuwa kijana wa miaka 23 anayetupwa nje ya treni Afrika Kusini, kisha awe mzee wa miaka 78 anayetembea kwa kuegemea mabega ya wasichana wawili. Alinyoa kichwa, akapunguza mwili, akaacha nyama, akafanya yoga. Na akajifunza kusokota uzi. Ukiitazama filamu tena, acha kidogo maneno, ufuate mikono. Mkono mmoja unazungusha gurudumu la charkha, mwingine unauvuta uzi taratibu kutoka kwenye kifundo cha pamba, na wakati wote huo mdomo unazungumza siasa. Uzi wa pamba hukatika ukivutwa kwa pupa. Mtu asiyejua kusokota angejifichua katika sekunde tano. Yeye anazungumza na uzi unakwenda, na hapo ndipo nilipoacha kumwona mwigizaji.

Mazishi ya Gandhi yalirekodiwa New Delhi tarehe 31 Januari 1981, miaka 33 kamili tangu mazishi yenyewe. Walijitokeza zaidi ya watu 300,000, umati ambao hadi leo hutajwa kuwa mkubwa kuliko wote kuwahi kukusanywa kwa ajili ya tukio moja la filamu. Kwenye filamu iliyokamilika, vyote vile vimebaki kama dakika mbili. Tarehe 11 Aprili 1983 filamu ilitwaa tuzo 8 za Oscar, na ya mwigizaji bora wa kiume ikaenda kwa mjukuu wa Mfalme wa Karafuu.

Kingsley mwenyewe amelitaja jambo hili: jina la Kihindi alilitoa ili apate kazi, na kazi iliyompa utukufu ikawa ya kumcheza Mhindi, tena Mgujarati kama babu yake. Gandhi alizaliwa Porbandar, Kathiawar, ukanda ule ule ambao uliileta Zanzibar sehemu kubwa ya Wakhoja wake.

Karafuu nazo zimo humo. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Zanzibar ilikipa Chama cha Wakulima wa Karafuu mamlaka makubwa juu ya zao hilo, na wafanyabiashara wa Kihindi wakaona wanasukumwa nje. Mwaka 1937 mgogoro ulipamba moto, na chama cha Congress kule India, kile kile cha harakati za Gandhi, kikasimama nao kwa kususia karafuu za Zanzibar. India ikiwa mnunuzi mkubwa, visiwa viliumia, na mwaka 1938 serikali ikakubali kuafikiana. Silaha ya kususia bidhaa, ambayo tunaiona kwenye filamu ikielekezwa kwa vitambaa vya Kiingereza, iliwahi kutumika kwa ajili ya magunia ya Pemba na Unguja.

Baada ya Gandhi angeweza kubaki Mhindi wa kudumu wa sinema. Hakukubali. Mwaka 1985 alirudi Royal Shakespeare Company akawa Othello. Katika Bugsy ya 1991 alikuwa Meyer Lansky, na katika Schindler's List ya 1993 akawa Itzhak Stern, karani Myahudi anayepiga chapa majina ya watu ili waokoke. Katika Sexy Beast ya mwaka 2000 akawa Don Logan, jambazi wa London ambaye kila sentensi yake ni kofi. Ukiitazama siku moja baada ya Gandhi utadhani umedanganywa kuhusu mwigizaji. House of Sand and Fog ya 2003 ikampa kanali wa Iran aliyekimbia nchi yake. Hugo ya 2011 ikampa Mfaransa Georges Méliès. Uhusika wa Lansky, Logan na yule kanali ulimrudisha kwenye orodha ya wawaniaji wa Oscar. Mwaka 2002 alipewa cheo cha Sir.

Wale waliosema hawajui wamweke wapi hawakukosea kwamba hana mahali pamoja. Walikosea kudhani kwamba huo ni upungufu. Mtoto wa Mhindi aliyezaliwa Kenya na kukulia Zanzibar, na mama Mwingereza, malezi ya Manchester. Mtu wa namna hiyo hujifunza mapema kusikiliza lafudhi na kupima anakaribishwaje mlangoni. Naamini ndiyo maana anaweza kuwa Myahudi wa Krakow na Muirani wa uhamishoni bila kuonekana amevaa nguo za kuazima.

Ana watoto wanne. Wawili wa ndoa ya kwanza wanatumia Bhanji. Wawili waliofuata, Edmund na Ferdinand, ni waigizaji kama baba yao, na wao wanatumia Kingsley.