Chonge lililopotea njia

"Daktari, meno yake hayana shida, ila haka kadogo kamegoma kung'oka," aliniambia mama mmoja aliyekuja na binti yake wa miaka 13. Nikatazama: chonge la utoto, juu kulia, wala halitikisiki. Kwa umri ule nikajiuliza, la ukubwani liko wapi?

Chonge la juu huanzia mbali, karibu na tundu la pua, na hushuka likifuata mzizi wa jino jirani la upande wa mbele. Jirani huyo akiwa mdogo mno, au hakuota kabisa, chonge hupotea na mara nyingi huelekea kwenye kaakaa. Huwapata watu wapatao 2 katika 100, wasichana zaidi ya wavulana. Kwa kawaida haliumi, na hilo ndilo linalonitisha: linaweza kuula mzizi wa jirani kimyakimya.

Kipimo changu cha kwanza ni kidole. Mtoto akifika miaka 9 au 10, napapasa ufizi kwa nje, juu ya chonge la utoto, nikitafuta kivimbe kigumu. Kikiwepo kushoto na kulia hakuna, napiga eksirei mbili, ya pili mashine ikiwa imesogezwa kidogo. Chonge likionekana kusogea upande uleule wa mashine, limelala ndani, kwenye kaakaa. Likienda kinyume, liko nje, upande wa mdomo. Ujanja wa zamani huo, na sioni haja ya kumkimbiza kila mtoto kwenye CT, ile eksirei ya pande zote.

Likigundulika mapema, tiba huwa nyepesi ajabu: kung'oa lile la utoto. Mwaka 1988 Ericson na Kurol wa Sweden walionyesha kuwa kwa watoto wa miaka 10 hadi 13, asilimia 78 ya machonge yaliyoelekea kwenye kaakaa yalirudi njiani yenyewe. Ila lazima nafasi iwepo.

La binti yule lilikuwa limeshalala mno. Tulifungua ufizi, tukaligandishia kitufe chenye mnyororo mwembamba, tukalivuta kwa waya, polepole, zaidi ya mwaka.

Wazazi huwa nawauliza pia: alipokuwa mchanga, alitolewa "meno ya plastiki"? Mtoto akiharisha au akipata homa, wapo wanaochokonoa vivimbe vyeupe vya ufizi wakidhani ndivyo ugonjwa. Kumbe ni machonge ya utoto yanayojiandaa kuota. Chuma wanachochokonolea hufika wakati mwingine hadi kwenye kiini cha jino la ukubwani. Miaka 10 baadaye napapasa, sikuti kitu, na eksirei inanionyesha kipande kilichopinda ambacho hakuna waya wa kukivuta.