Je, Wajua Kwa Nini Dhahabu Huvutika Kuwa Uzi, na Chumvi ya Mawe Hupasuka?

Ukisimama mbele ya karakana ya sonara katika Mji Mkongwe wa Unguja, huenda ukamkuta fundi anavuta uzi wa dhahabu. Mbele yake pana bamba gumu la chuma lenye safu ya matundu, kila tundu dogo kidogo kuliko lililotangulia. Fundi huichonga ncha ya kijiti cha dhahabu, akaipenyeza tunduni, akaibana kwa koleo upande wa pili na kuvuta; kisha huhamia tundu la pili, na la tatu. Kijiti hurefuka na kuwa chembamba, wala hakikatiki. Gramu moja tu ya dhahabu yaweza kuvutwa ikawa uzi wa kilomita 2, na ikifuliwa kwa nyundo yaweza kutandazika hadi karibu mita 1 ya mraba. Lakini bonge la chumvi ya mawe, likipigwa nyundo mara moja, hupasuka vipande vipande.

Sababu imo katika namna atomu zilivyoshikana. Chumvi ni ayoni, yaani atomu zenye chaji ya umeme: za sodiamu zenye chaji chanya na za kloridi zenye chaji hasi, zilizopangwa kwa zamu, kila moja ikizungukwa na zile za chaji iliyo kinyume. Mpango huo ni imara mradi usisogezwe. Nyundo ikilisukuma tabaka moja kwa hatua moja tu, chanya hukabiliana na chanya, hasi na hasi, zikafukuzana, na bonge likapasuka papo hapo.

Katika dhahabu, fedha au shaba hakuna zamu ya namna hiyo. Kila atomu huachia baadhi ya elektroni zake za nje (chembe ndogo zenye chaji hasi), nazo hazibaki kuwa mali ya atomu yoyote, bali huzunguka katika kipande kizima. Mvutano kati ya elektroni hizo na ayoni chanya zilizojipanga safu kwa safu ndio uitwao bondi ya metali. Mfano ulio karibu nasi ni halua ya lozi ingali na moto: ukiivuta, lozi huhama mahali pake, lakini halua huendelea kuzishika, kwa kuwa haikuwa ya lozi moja. (Mfano huu una upungufu, maana lozi hutawanyika ovyo, ilhali ayoni zina mpangilio.) Safu ikiteleza juu ya nyenzake, huzikuta elektroni huko huko iendako, na mshikamano hubaki.

Elektroni hizo hizo ndizo zinazopitisha umeme katika waya wa shaba, ndizo zinazochukua sehemu kubwa ya joto kutoka jikoni hadi kwenye mkono wa sufuria, na ndizo zinazorudisha mwanga tukauona mng'ao.

Ila jambo la ajabu zaidi, kwa maoni yangu, ni lile ambalo masonara walilijua kwa mikono yao kabla ya wanasayansi kulieleza. Baada ya kupita matundu kadhaa, uzi huwa mgumu, na fundi akiendelea kuulazimisha hukatika. Kwa hiyo huupasha moto, ukalainika, akaendelea. Mwaka 1934 wanasayansi Geoffrey Taylor, Michael Polanyi na Egon Orowan, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba safu ya atomu haitelezi yote kwa pamoja. Huteleza kidogo kidogo, mfano wa zulia zito ambalo huwezi kuliburuta lote, lakini ukilitia mkunjo mmoja na kuusukuma mpaka mwisho, zulia zima husogea. Kila uzi unapovutwa, mikunjo ya namna hiyo huongezeka, ikakwamana, na metali ikawa ngumu. Moto huzipa atomu nafasi ya kujipanga upya, na mingi ya mikunjo hiyo hutoweka.

Kukwamana huko kuna faida yake pia. Dhahabu ya karati 22 ni sehemu 22 za dhahabu katika kila 24, na zilizobaki aghalabu ni fedha na shaba. Atomu za shaba ni ndogo kuliko za dhahabu, hivyo huvuruga usawa wa safu na kuuzuia mkunjo usipite kwa wepesi. Ndiyo maana bangili ya karati 24 hupinda upesi mkononi, na ya 22 hustahimili zaidi.