Mjumbe wa bodi katika taasisi ya sanaa ya Walatino: anashika amana ya nani?

Nchini Marekani, taasisi nyingi za sanaa za Walatino, yaani watu wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico, Kuba na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini, hazikuanzishwa na matajiri. El Museo del Barrio ya New York ilizaliwa mwaka 1969, pale wazazi na walimu wa Harlem ya Mashariki walipotaka watoto wenye asili ya Puerto Rico wafundishwe utamaduni wao, na msanii Raphael Montañez Ortiz akaianzisha ndani ya chumba cha darasa. Self Help Graphics ya Los Angeles ilianza mwaka 1970 katika gereji, mtawa wa Kifransisko Karen Boccalero akichapa picha pamoja na wasanii wenye asili ya Meksiko. Huko Chicago, walimu waliokuwa na Carlos Tortolero walianzisha mwaka 1982, kwa mtaji wa dola 900, kituo ambacho leo ni Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Meksiko.

Asili hiyo ina uzito katika kazi ya bodi. Taasisi ya namna hii haina mwenye hisa wala mrithi, na sheria ya kodi ya Marekani, kifungu cha 501(c)(3), inaisamehe kodi lakini inakataza faida yake kumwendea mtu binafsi aliye ndani yake. Wajumbe, ambao kwa kawaida hawalipwi, ndio wenye dhamana ya mwisho: wanamwajiri mkurugenzi mtendaji na wanaweza kumwondoa, wanapitisha bajeti, na wanawajibika mbele ya mwanasheria mkuu wa jimbo iwapo mali itatumika kinyume cha lengo lililosajiliwa. Waafrika Mashariki na Wakongomani wanaosajili vyama vyao huko Marekani chini ya kifungu hicho hicho hubanwa na masharti hayo hayo, ingawa wengi wao huanza kwa kudhani kwamba mwenyekiti ndiye mwenye chama.

Sheria inamtaka mjumbe awe mwangalifu, awe mwaminifu kwa taasisi, na aheshimu lengo lake. Uangalifu hupimwa mezani. Tuseme taarifa ya mweka hazina inaonyesha dola 412,000 benki, na wajumbe wanapumua. Anayesoma hadi mwisho ataona kwamba dola 350,000 kati ya hizo zimetolewa na mfadhili kwa ajili ya michoro ya ukutani katika shule, na haziruhusiwi kugusa kitu kingine. Zinazobaki ni 62,000, na mishahara pamoja na pango ni 41,000 kwa mwezi. Taasisi ina mwezi mmoja na nusu wa kuishi, na kikao kinachofuata kimepangwa baada ya miezi mitatu. Si lazima mjumbe awe mhasibu ili aulize ni kiasi gani kati ya fedha hizo hakina masharti. Inatosha awe amefungua karatasi zake kabla ya kufika.

Uaminifu una sura yake ya pekee katika sanaa, kwa sababu mara nyingi wajumbe wenyewe ni wasanii. Siku bodi inapojadili kununua mkusanyiko wa picha, na mmoja wa wachoraji ameketi pale pale, utaratibu ni kwamba atamke maslahi yake, atoke nje ya chumba wakati wa mjadala na kura, na muhtasari wa kikao uandike kwamba alitoka. Wapo wanaouona utaratibu huu kuwa ni kutoaminiana kati ya watu wanaojuana tangu utoto. Kwa maoni yangu unawalinda wao kwanza, maana mtaa mdogo una masikio, na picha iliyonunuliwa kimya kimya huzungumzwa kwa miaka.

Kuhusu nyaraka nitasema machache. Taasisi nyingi za aina hii hupeleka kila mwaka Fomu 990, yaani taarifa ya fedha na uongozi wao, au mojawapo ya aina zake fupi kwenye mamlaka ya kodi, na mwananchi yeyote ana haki ya kuisoma. Isipopelekwa miaka mitatu mfululizo, msamaha wa kodi hufutika wenyewe.

Jambo gumu zaidi ni jengo. Self Help Graphics ilifanya kazi kwa miaka mingi Los Angeles Mashariki katika jengo ambalo kuta zake zilipambwa kwa vipande vya vigae na vyombo vilivyovunjika, na watu waliokuja kila mwaka kuadhimisha Siku ya Wafu, sikukuu ya Kimeksiko ya kuwakumbuka marehemu, waliliona kuwa lao. Halikuwa lao. Mwaka 2005 bodi ilifunga milango ghafla kutokana na matatizo ya fedha na ya jengo lenyewe, na wasanii waliokuta mlango umefungwa walikasirika, kwa kuwa hakuna aliyewaita kuwaeleza. Mwaka 2008 jengo liliuzwa, na mwaka 2011 taasisi ikahamia mtaa wa Boyle Heights, ambako baadaye ilifanikiwa kununua jengo lake. Bodi inaweza kuwa na haki kisheria ya kufunga mlango, lakini watu waliochapa picha zao za kwanza mle ndani hawaipimi kwa sheria peke yake. Kikao kimoja cha wazi, kinachoendeshwa kwa Kihispania na Kiingereza kabla ya uamuzi, kinagharimu kidogo kuliko kurudisha imani baada yake.

Hapo linaingia suala la nani akae mezani. Bodi nyingi za Marekani humtaka kila mjumbe atoe au atafute kiasi fulani cha fedha kwa mwaka. Kiasi hicho kikiwa kimoja kwa wote, mwanasheria atabaki na mwalimu wa ngoma ataondoka, na bila kukusudia taasisi ya mtaa itaongozwa na watu wasioishi mtaani. Baadhi ya bodi humwachia kila mjumbe atoe kadiri ya uwezo wake, mradi atoe. Naona huo ndio utaratibu unaofaa zaidi hapa.

El Museo del Barrio imeonyesha jinsi mvutano huu unavyoendelea hata taasisi inapokua. Tangu mwaka 1977 iko katika jengo la Fifth Avenue, na kadiri ilivyopanua upeo wake hadi Amerika ya Kilatini yote, ndivyo wakazi na wasanii walivyouliza ikiwa barrio, yaani mtaa, bado imo ndani yake. Mwaka 2019 ililazimika kufuta mpango wa kumtunukia katika hafla ya uchangishaji mwanamke wa Ujerumani mwenye cheo cha kifalme na misimamo mikali ya kihafidhina, baada ya malalamiko ya umma. Mgeni wa heshima huonekana kuwa jambo la itifaki tu, kumbe ni tamko la taasisi, na bodi makini hulijadili hivyo kabla kadi za mwaliko hazijachapishwa.

Makumbusho ya Chicago, yaliyofungua milango mwaka 1987 katika bustani ya Harrison mtaani Pilsen, hayajawahi kutoza kiingilio. Kila bajeti inayopitishwa huko hufanya uamuzi huo upya, kwa sababu fedha ambazo zingepatikana langoni lazima zitafutwe kwingine. Tortolero alipostaafu mwishoni mwa mwaka 2023, baada ya zaidi ya miaka 35, bodi ililazimika kufanya kitu ambacho haikuwa imewahi kukifanya: kumtafuta mkurugenzi ambaye hakuwa mwanzilishi, na kumkabidhi nyumba ambayo mlango wake hauna mtu wa kukata tiketi.