Mwezi wa sita kijijini: unyayo chini ya beseni

Mbukwenyi ndugu zangu. Mimi ni Mkaguzi wa Polisi Kata, nipo kata moja ya wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, vijiji vitatu, pikipiki moja, na kituo chenye mahabusu kiko mwendo wa saa nzima kwa barabara ya vumbi. Watu wa mjini wakisikia polisi wa kijijini wanadhani nashinda chini ya mbuyu nasubiri tukio, kwa hiyo leo naeleza mwezi wa sita ulivyokwenda, maana ndo mwezi mzito kwetu huku Ugogoni. Mvua zimeisha tangu wa nne, mtama na uwele viko ghalani, karanga zimeuzwa, hela ipo mfukoni, ngoma zinachezwa, pombe inapikwa kila kitongoji. Mwizi naye anajua kalenda hiyo kama mkulima anavyoijua.

Nianze na ng'ombe. Tarehe za mwanzo, saa kumi na moja alfajiri, simu ya mwenyekiti wa kitongoji: "Afande, kwa mzee fulani zizi liko wazi, watano hawapo." Nimefika kumekucha, nakuta vijana kama thelathini wameshaingia zizini na kutoka, kila mtu kwa nia njema kabisa, na ardhi yote imekanyagwa hadi huoni kitu. Nikakata tamaa kidogo. Ndipo bibi wa ile boma akanishika mkono, "mwanangu njoo," akanipeleka nyuma ya zizi pale miba ilipovutwa, akainua beseni lake la kuoshea vyombo. Chini yake unyayo mmoja, mzima, kama umechorwa.

Ulikuwa wa katambuga, zile kandambili za tairi. Sasa wengi hawajui hili, katambuga ni rahisi kuliko kiatu cha dukani, maana kila jozi imekatwa kwenye tairi lake na fundi wake, kashata za tairi, yale matuta yake, hazilali sawa na za jirani, na hii ya kushoto kisigino kilikuwa kimelika upande wa nje. Nikaweka kiberiti pembeni ili ukubwa uonekane, nikapiga picha kutoka juu, moja kwa moja, si kwa kuinamisha simu, afu nyingine jua likiwa linakuja kwa ubavu maana kivuli ndo kinatoa kashata vizuri. Tukaanza kufuata na sungusungu, mimi nikawaomba watembee pembeni ya njia, wasiwe mbele yangu. Mavi ya ng'ombe ukiyapasua kwa kijiti, juu yamekauka ndani bado mabichi, unajua hujaachwa mbali.

Mchana tukawapata ng'ombe kijiji cha pili, karibu na barabara, wanasubiri mnada wa kesho yake, na ng'ombe akishavuka mnada akapakiwa kwenye lori la kwenda mnada wa Pugu, Dar es Salaam, huyo umemkosa. Kijana aliyekuwa nao hana kibali cha kusafirisha mifugo wala barua ya mtendaji wa kijiji. Nikamwambia avue katambuga ya kushoto.

Hapo ndo sehemu ngumu ya kazi, na nasema hili kwa moyo wote: dakika kumi zilizofuata nlikuwa namlinda yeye, sio ng'ombe. Watu walishaokota mawe. Nilisimama kati nikawaambia jamani, huyu akifa hapa kesho nawakamata nyie, na aliyemtuma na aliyekuwa anunue hawa ng'ombe mtakuwa mmewaficha nyie wenyewe kwa mikono yenu. Mzee mwenye mali ndiye aliyetupa jiwe lake chini wa kwanza. Kesi iko mahakamani kwa hiyo siendelei, mtuhumiwa ni mtuhumiwa mpaka mahakama iseme. Ila mjue kuna kitu kilitusumbua: kati ya watano, wawili tu walikuwa na chapa. Sheria ya utambuzi wa mifugo ipo tangu 2010, na bado mfugaji anakwambia "namjua kwa sura." Unamjua wewe, hakimu hamjui.

Mashamba nayapita haraka. Ng'ombe wanashushwa kula mabua, shamba la pembeni mtama haujavunwa, wanaingia. Nampigia afisa ugani siku hiyo hiyo aje apime uharibifu, maana ukikaa siku tatu kila mtu ana hesabu yake, makubaliano yanaandikwa kwa mtendaji, wote wanasaini. Mgogoro wa mpaka wenyewe si wangu, na baraza la kata tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 halitoi tena hukumu ya ardhi, linasuluhisha tu ndani ya siku 30, ikishindikana unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mimi naingia pale mtu anaposhika panga.

Na panga lilishikwa, kilabuni, Jumamosi ya pili. Aliyekatwa mkono ndugu zake wakamleta kwangu kwanza wakidai PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi kwenda nayo hospitali, huku damu inachuruzika. Hapana jamani! Anayevuja damu apelekwe hospitali, fomu nitaileta mimi huko huko. PF3 ni bure, daktari anaijaza alichokiona, inarudi polisi, na mahakamani ndiyo inayozungumza badala ya kidonda ambacho kitakuwa kimeshapona. Na dhamana nayo ni bure, ukiombwa hela ya dhamana popote pale, kalalamike.

Sasa hili la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Mama mmoja alikuja kunieleza jambo lililompata binti, siku ya sita tangu litokee. Siku ya sita! Wazee walishakaa, mbuzi wa fidia wameshatajwa, nguo zimeshafuliwa. Siwezi kusema zaidi, nisije nikamtambulisha mtu. Ila naomba kila mzazi anayesoma hapa alishike: kubaka hakumalizwi nyumbani, sheria inaanzia miaka 30 jela, na hakuna kikao cha ukoo chenye mamlaka ya kuibadilisha kuwa mbuzi. Aliyebakwa asiogeshwe, nguo zisifuliwe, zifungwe kwenye kanga kavu au bahasha ya kaki, sio mfuko wa plastiki maana zinaota ukungu, na afike hospitali ndani ya saa 72 ili apewe dawa za kumkinga na VVU, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyosaidia. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, ukitaka kuongea na askari mwanamke sema tu. Nawaheshimu sana wazee wa huku, ugomvi wa maneno, madeni, mke na mume kununiana, wanavisuluhisha vizuri kuliko mimi na nawapelekea mwenyewe. Hili sio lao, na nilienda kuwaambia hivyo usoni, nimekaa kwenye kigoda chao, na wawili kati yao walikubali kuandika maelezo.

Kwa hiyo mikutano yote mitatu ya kijiji mwezi huu sikuongea kuhusu wizi kwa ujumla jumla. Nilibeba beseni. Nikawaonyesha: ukikuta unyayo, funika, weka jiwe juu, simamisha mtoto mkubwa hapo, nipigie, na kama mimi sipatikani piga 112. Niliwaambia nani alinifundisha, bibi akajifunika uso kwa khanga akacheka.

Jana usiku naandika hapa, simu ikaita, mwenyekiti wa kitongoji cha juu, mbuzi wanne wameondoka kwa mjane mmoja. Kabla sijauliza akasema, "Tumeshafunika, afande. Sehemu mbili." Nikavaa koti nikawasha pikipiki.