Mmarekani ugenini wakati wa mvutano: hatari iko dirishani kuliko mtaani

Kila Washington inapogombana na nchi nyingine, wanaohudumia wasafiri huulizwa swali lilelile: Mmarekani akienda huko, atatukanwa? Swali hilo linatazama mahali ambapo hatari ni ndogo. Uhasama wa kisiasa humkuta mwenye pasipoti ya Marekani hasa mbele ya maafisa wa serikali, dirishani kwao: kwenye maombi ya viza, kwenye foleni ya uhamiaji, simu inapokaguliwa, na mahakamani. Sokoni, ndani ya basi na mezani kwa wenyeji, mambo huwa matulivu kuliko anavyotarajia.

Jambo hili linawagusa wasomaji wa Kiswahili kwa njia mbili. Wapo wenye asili ya Afrika Mashariki na Kongo ambao sasa ni raia wa Marekani na wanasafiri kwa pasipoti hiyo. Wapo pia wanaowapokea Wamarekani Arusha, Zanzibar, Nairobi na Mombasa, na wanaotaka kujua wamtendee vipi mgeni ambaye serikali yake imewakera.

Tuanze na watu. Taasisi ya utafiti ya Pew Research Center imekuwa ikiuliza kwa miaka mingi jinsi watu wa nchi mbalimbali wanavyoiona Marekani. Mwaka 2002 Waindonesia 61 kati ya 100 waliitazama vizuri. Marekani ilipoivamia Irak mwaka 2003, wakashuka hadi 15. Baada ya misaada iliyofuata tsunami ya Desemba 2004, wakapanda tena hadi 38 mwaka 2005. Miaka hiyohiyo watu waliulizwa pia kuhusu Wamarekani wenyewe, na katika nchi nyingi wananchi walipendwa kuliko nchi yao. Vietnam, iliyopigana na majeshi ya Marekani kwa miaka mingi, ilikuwa na watu 84 kati ya 100 wanaoiona Marekani vizuri mwaka 2017. Kwa upande mwingine, Mexico iliporomoka kutoka 61 mwaka 2024 hadi 29 mwaka 2025. Takwimu hizi hupanda na kushuka kufuata sera. Hazimwambii msafiri kama mwenye nyumba ya wageni atamkaribisha, na kwa kawaida humkaribisha.

Hasira ya wananchi hutafuta alama ya taifa. Kanada mwanzoni mwa 2025, wakati wa mvutano wa ushuru, mashabiki wa mpira wa magongo wa barafuni waliuzomea wimbo wa taifa wa Marekani, na jimbo la Ontario likaondoa pombe za Kimarekani kwenye maduka yake. Nchini Pakistan, Aprili 2025, makundi ya watu yalivamia migahawa ya KFC katika miji kadhaa, ingawa wafanyakazi wa migahawa hiyo ni Wapakistani. Kwa hiyo siku za joto la kisiasa, mahali pa kuepuka ni nje ya ubalozi, migahawa yenye majina makubwa ya Kimarekani na viwanja vya maandamano. Kofia na fulana zenye kaulimbiu za kisiasa, za chama chochote, zibaki nyumbani.

Kuna ushauri wa zamani wa kujifanya Mkanada, hata kushona jani jekundu la bendera ya Kanada kwenye begi. Hatuupendekezi. Hoteli itaomba pasipoti, polisi wa barabarani wataiomba, na uongo uliosemwa kwa mhudumu unaweza kurudiwa kwa bahati mbaya mbele ya afisa, na hapo unakuwa kosa. Asiyetaka mjadala ataje jimbo lake tu, kama Ohio au Minnesota. Ni kweli, na mara nyingi mazungumzo huishia kwenye baridi ya huko.

Sasa dirishani, ambako mambo ni mazito. Nchi nyingi hufuata kanuni ya kutendeana sawa: unavyowafanyia raia wangu, ndivyo nitakavyowafanyia wako. Marekani ilipojiandaa kuanza kuwachukua wageni alama za vidole na picha Januari 2004, hakimu mmoja wa Brazil aliamuru Wamarekani nao wafanyiwe hivyo tangu mwezi huo. Mwezi huohuo rubani Mmarekani alionyesha kidole cha matusi alipokuwa akipigwa picha São Paulo. Alikamatwa na akalipa faini ya zaidi ya dola 12,000. Tangu Aprili 10, 2025, Brazil inawadai tena Wamarekani viza, kwa dola 80.90. Argentina ilikuwa na ada yake ya kulipiza ya dola 160, ikaisitisha mwaka 2016 uhusiano ulipotengemaa.

Afrika nayo haikukaa kimya. Juni 2025 Marekani ilipoiweka Chad kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wanazuiwa kuingia, Rais Mahamat Idriss Déby Itno alisimamisha viza kwa Wamarekani mara moja. Oktoba 2025 Mali iliwekewa dhamana ya viza ya hadi dola 10,000 (fedha anazoweka mwombaji na kurudishiwa akiondoka kwa wakati) nayo ikatangaza dhamana ileile kwa Wamarekani. Siku chache baadaye Marekani ikaiondoa Mali kwenye mpango huo. Desemba mwaka huohuo, marufuku ya kuingia Marekani ilipopanuliwa, Mali na Burkina Faso zikajibu kwa marufuku yao. Tanzania imekuwa ikimtoza Mmarekani dola 100 kwa viza ya kuingia mara nyingi, wakati raia wa mataifa mengi hulipa 50 kwa kuingia mara moja. Mgeni akilalamika mapokezi, aelezwe hivyo kwa utulivu: bei hiyo imepangwa na serikali, haitokani na chuki ya karani.

Kwa kuwa masharti hubadilika kwa tangazo la usiku mmoja, hakikisha mara mbili: siku ya kukata tiketi, na tena siku tatu kabla ya kuruka. Tumia tovuti ya idara ya uhamiaji ya nchi unayokwenda. Kwa Kenya na Tanzania, anwani halali huishia na .go.ke na .go.tz, tovuti nyingine zinazofanana nazo hutoza ada kubwa zaidi na wakati mwingine hazipeleki maombi kokote. Pasipoti iwe na angalau miezi 6 ya uhai tangu siku ya kuingia na kurasa mbili tupu. Wanaokwama uwanjani wengi hukwama kwa sababu hizi ndogo, siyo kwa siasa. Lakini wakati wa mvutano, afisa ambaye zamani angesamehe upungufu huo hasamehe tena.

Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hupanga nchi katika ngazi nne za tahadhari, ya nne ikiwa "usisafiri". Soma pia herufi zilizo pembeni ya ngazi. K ni utekaji. D, iliyoongezwa mwaka 2022, ni hatari ya kukamatwa bila haki na serikali yenyewe. Ngazi ya 2 kwa sababu ya vibaka ni jambo la kufunga mkoba vizuri. Herufi D ni jambo la kufikiri upya safari nzima, kwa sababu hapo mvutano wa kidiplomasia unaweza kugeuza kosa dogo kuwa miaka gerezani. Mchezaji wa mpira wa kikapu Brittney Griner alikamatwa Moscow Februari 2022 kwa mafuta kidogo ya bangi, akahukumiwa miaka 9, akatoka Desemba baada ya kubadilishwa na mfanyabiashara wa silaha Viktor Bout. Mtu mwenye uraia wa Marekani na Saudi Arabia alihukumiwa Riyadh mwaka 2022 kifungo cha miaka 16 kwa jumbe alizoziandika Twitter akiwa Marekani. Ulichokiandika ukiwa nyumbani kinasafiri nawe. Kufuta programu usiku wa kuamkia safari hakukifuti kwenye mtandao.

Uraia pacha ndio unaotutia wasiwasi zaidi, na ndio unaowagusa wasomaji wetu moja kwa moja. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli, yaani huduma za ubalozi kwa raia wake, ibara ya 36, unampa mgeni aliyekamatwa haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Lakini nchi inayokuhesabu kuwa raia wake inaweza kusema wewe si mgeni. Iran na China hufanya hivyo. Na kuficha ni vigumu, kwa sababu pasipoti ya Marekani huandika mahali ulipozaliwa. Upande wetu, Kenya imeruhusu uraia pacha tangu katiba ya 2010. Tanzania haimruhusu mtu mzima kubaki na uraia wake akichukua mwingine kwa hiari, na katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inasema uraia wa Kongo hauchanganyiki na mwingine wowote. Mzaliwa wa Tanga aliyeapa kuwa Mmarekani aingie Tanzania kwa pasipoti ya Marekani na viza yake. Kuingia kwa pasipoti ya zamani ya Tanzania ni kosa, na siku ya matatizo humnyima msaada wa pande zote mbili. Wakati huohuo sheria ya Marekani inamtaka raia wake atoke na kuingia Marekani kwa pasipoti ya Marekani, hata kama ana nyingine.

Ukikamatwa, sema wazi na rudia: "Naomba ubalozi wa Marekani ujulishwe." Usitie sahihi karatasi usiyoielewa lugha yake. Afisa wa ubalozi akija, ataleta orodha ya mawakili, atakagua afya yako na kupeleka habari kwa familia. Hatakutoa rumande, hatakuwa wakili wako, hatalipa faini. Na bila idhini yako ya maandishi, Sheria ya Faragha ya 1974 inamzuia hata kumweleza mama yako ulipo, kwa hiyo jaza fomu ya idhini katika ziara ya kwanza. Ambako Marekani haina ubalozi, nchi nyingine huisaidia: Uswisi imefanya kazi hiyo Iran tangu 1980, na Sweden huko Korea Kaskazini, ambako pasipoti ya Marekani haitumiki tangu Septemba 2017 bila kibali maalumu.

Kabla ya kuondoka, jiandikishe kwenye STEP, mpango wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani wa kuwasajili raia wanaosafiri. Ni bure, na tahadhari za ubalozi zitakufikia kwa barua pepe. Andika kwenye karatasi namba ya dharura ya kupiga kutoka nje ya Marekani, +1 202 501 4444. Tunasisitiza karatasi. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi Tanzania, intaneti ilizimwa na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje. Ghasia zile hazikumlenga Mmarekani yeyote, lakini mgeni aliyekuwa na tiketi, ramani na fedha zake zote ndani ya simu alikuwa kwenye shida kama aliyelengwa. Beba fedha taslimu za siku tatu au nne kwa noti ndogo. Kadi za benki za Marekani hazifanyi kazi Cuba, na kadi za Visa na Mastercard za nje hazifanyi kazi Urusi tangu Machi 2022.

Angalia pia unapobadilisha ndege. Juni 22, 2025 Marekani ilishambulia vituo vya nyuklia vya Iran, na siku hiyo Wizara ikatoa tahadhari kwa Wamarekani dunia nzima. Kesho yake anga ya Qatar ikafungwa, Iran ikarusha makombora kwenye Al Udeid, kambi yenye wanajeshi wa Marekani nchini humo, na abiria wa kila taifa wakakwama, pamoja na wanaokwenda Dar, Nairobi na Entebbe. Wakati wa mvutano wa Ghuba, njia ya Addis Ababa au Ulaya inaweza kuwa ghali kidogo na bado ikawa na nafuu. Bima nyingi za safari hazilipi hasara ya vita, wala tukio lililokwisha kujulikana kabla hujainunua. Ile inayokuruhusu kughairi kwa sababu yoyote hurudisha kati ya asilimia 50 na 75, na kwa kawaida lazima inunuliwe ndani ya wiki mbili au tatu tangu malipo ya kwanza. Hata ndege ya serikali ya kuwaondoa raia kwa kawaida si ya bure: abiria hutia sahihi ahadi ya kulipa nauli.

Ugenini, swali kuhusu rais litakuja, mara nyingi kutoka kwa dereva wa teksi. Jibu fupi la kweli linatosha, kisha muulize yeye anaonaje, na umsikilize. Kuitukana nchi yako ili upendwe hakumpendezi mtu, na kuitetea kila hatua huchosha haraka zaidi. Anayekupandishia sauti hahitaji hoja. Lipa, shukuru, ondoka.

Nanyi mnaowapokea, waongoza watalii na wahudumu wa mapokezi, msimhoji mgeni kura yake garini, mahali ambapo hawezi kutoka. Akianzisha mwenyewe, sawa. Kukiwa na maandamano mjini, mwambieni mapema na kwa majina ya barabara, mbadilishe njia, na msimwahidi usalama msioweza kuuhakikisha. Hatari inayomlenga Mmarekani huwakuta na wenyeji: mabomu yaliyolenga balozi za Marekani Agosti 7, 1998 yaliua watu 213 Nairobi, na Wamarekani kati yao walikuwa 12. Wengine 11 walifia Dar es Salaam. Dereva anayemtoa mgeni kwenye eneo la hatari anajitoa na yeye mwenyewe, kwa hiyo mwajiri ampe dereva huyo namba za ubalozi, mafuta ya kutosha na ruhusa ya kugeuza gari bila kusubiri simu ya ofisini.