Pedi si mbovu, imefuata Kijapani

Kwenye vibanda vya gemu za PlayStation hapa Ngamiani, Tanga, mtoto akibonyeza kitufe cha eksi kwenye pedi, kile kidude cha mkononi cha kuchezea, ili akubali, menyu ikamrudisha nyuma, utasikia tu: "Pedi mbovu hiyo!" Nimeshuhudia pedi nzima ikifunguliwa skrubu zote kwa sababu hiyo, kile kimpira cha chini ya vitufe kikachanika. Iliniuma.

Pedi haina kosa. PlayStation ilitoka Japani mwaka 1994, na kwa Wajapani duara maana yake ni sahihi, eksi ni hapana. Ndiyo maana kwao duara lilikuwa la kukubali, eksi la kughairi. Kwenye gemu za Marekani na Ulaya mpangilio ukageuzwa. Gemu ya soko la Japani hubaki na desturi ya kwao, tena maandishi yenyewe hatuyasomi, kwa hiyo mtu anapapasa gizani. Inachosha kweli! Ni PlayStation 5 (PS5) tu, mwaka 2020, iliyofanya eksi iwe ya kukubali hata Japani.

Basi kabla ya kushika bisibisi, jaribu duara kwanza. Na yule mtoto msimfokee.